Bwana Shamba Aliyetupikisha Mbegu

Kwa miaka kumi na minne nilimwamkia shikamoo kila tulipokutana, naye aliitikia marahaba kama mtu anayepokea haki yake. Sasa simwamkii. Huku kwetu hilo ni tusi kuliko matusi ya mdomoni. Ukimpita mtu mzima bila kumwamkia, watu wanasimama kukutazama kama umevua nguo njiani. Wanitazame tu. Naandika haya ili wajue sababu.

Alikuwa bwana shamba wetu pale Issuna. Jina analo, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mke wake alimwita Bwana Shamba. Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi, mambo hayo husomwa msibani na yeye bado anapumua. Mimi niliishia darasa la tano. Anayetaka maneno ya kisomi aende kwake, anayo gunia zima.

Alikuwa na neno moja alilolitanguliza kwa kila kitu: kitaalamu. "Kitaalamu, mama Neema, hii mvua imechelewa." Hata mbwa wa shule ameona imechelewa. "Kitaalamu, huyu kuku anaumwa." Kuku amelala miguu juu. Mume wangu alikuwa anamwigiza tukiwa shambani: "Kitaalamu, mke wangu, nina njaa." Tulicheka. Nikikumbuka kwamba tulicheka, nasikia nyongo inapanda.

Sasa lile jino lake. Jino la mbele lilikuwa limemeguka pembeni kwa sababu ya kung'ata alizeti. Hakuwa na kipimo cha unyevu, ofisi haikumpa, kwa hiyo alikuwa anachukua punje moja katikati ya gunia, si juu, si chini, anaiweka kwenye lile jino na kufumba macho. Ikilia *kach*, anasema imekauka. Ikilia *nyet*, anairudisha mkononi mwako ikiwa na mate na kukuambia uanike siku mbili. Sikuwahi kumwona akikosea. Hili nalisema kwa haki, kwa sababu sikusudii kumsingizia. Alizeti aliijua. Aliijua kuliko alivyotujua sisi.

Na jingine kwa haki. Siku niliyoshikwa na uchungu wa Neema, mvua imekata njia, ni yeye aliyenipakia kwenye pikipiki ya serikali mpaka Ikungi, dada wa mume wangu amenishikilia kwa nyuma, tumebanana watatu kama magunia. Alisukuma ile pikipiki kwenye matope hadi viatu vikabaki humo. Alinifikisha. Kwa hiyo mwanangu yuko hai kwa ajili yake, na baba wa mwanangu hayuko kwa ajili yake pia. Ndiyo maana siwezi hata kumchukia kwa raha.

Mke wake tulimwona mwenye maringo. Kwetu mwanamke akija kwako hakai barazani kama karani. Anaingia jikoni, anavuta kigoda, anachochea moto, mazungumzo ndipo yanapoanza. Yule mama alikuwa anatutolea viti vya plastiki nje. Unabisha hodi, anatoka haraka na kuvuta mlango wa jiko nyuma yake. Anakuletea chai ya maziwa, anakuuliza watoto, lakini jikoni huingii. Tulimsema sana kisimani. "Anaogopa tutaona sufuria zake za mjini." Mwingine akasema, "Anapikia mafuta ya dumu la njano, hataki tuone." Hilo la dumu lilikuwa kweli. Nililiona kwa macho yangu, lipo uani limegeuzwa chombo cha kuchotea maji: mafuta ya mawese ya kutoka ng'ambo. Mtu anayezunguka vijiji akihimiza alizeti, nyumbani anakaangia mafuta ya nje. Nilipomuuliza hakuona aibu.

"Ni rahisi zaidi, mama Neema. Kitaalamu, mnunuzi anafuata bei."

Ningekuwa na akili siku ile, ningerudi nyumbani na sentensi hiyo nikaikalia mwaka mzima.

Maana somo lake kubwa lilikuwa mkataba. Alikuwa ametoka semina Dodoma akiwa na begi jipya na kalamu tatu, akatukusanya kwenye darasa la shule ya msingi, wakubwa tumebanwa kwenye madawati ya watoto. Akasema nchi yetu imesaini mkataba wa biashara na nchi za nje, ushuru unashuka, wanunuzi wanakuja mpaka hapa. Akachora duara mbili ubaoni.

"Huyu ana alizeti, hana chumvi. Huyu ana chumvi, hana alizeti. Kila mmoja akijilimia na kujichimbia, wote wanakula vibaya. Wakibadilishana, kila mmoja anafanya kile anachokiweza, na wote wananufaika. Mpaka hapo kuna swali?"

Mume wangu akanyoosha mkono. "Na wakigombana?"

"Ndiyo uzuri wenyewe! Watu wanaouziana hawapigani. Nani atampiga mteja wake? Huo mkataba ni biashara na ni siasa. Unaleta amani. Na unaifunga serikali: haiwezi kuamka asubuhi ikabadilisha mambo inavyotaka, kwa sababu imeweka saini mbele ya wenzake."

Mwenyekiti wetu, Yesaya, ambaye hakuwahi kusikia neno asilipigie makofi, akapiga makofi. Nasi tukapiga. Na sikiliza, sisemi yale maneno yalikuwa uongo. Ndiyo yanayonikera zaidi. Ukidanganywa unaweza kumshika mtu shati. Sisi tuliambiwa nusu, na nusu hiyo ilikuwa kweli.

Kwa sababu wanunuzi walikuja. Hamisi wa Mizani alikuja na lori lake, akapanga gunia juu ya gunia mbele ya ofisi ya kijiji, na bei ilikuwa bei ambayo hatukuwahi kuiota. Misimu miwili. Nyumba yangu ina bati kwa ajili ya misimu ile miwili. Mume wangu alinunua baiskeli na kuiwekea kengele mbili, moja haitoshi. Wanawake waliokuwa wanakwenda kuomba chumvi walianza kuweka chumvi kwa debe. Aliyeishi miaka ile hawezi kuniambia biashara ya nje haina faida. Ina faida. Nimelala chini ya faida yake nikisikiliza mvua.

Lakini wakati ule wa kupiga makofi ndipo tulipofanya ujinga ambao sijasikia umefanywa mahali pengine.

Kwetu uwele wa mbegu haukai ghalani. Ukishavuna, unachagua masuke yaliyo marefu na mazito, unayafunga kwa kamba ya gome na kuyaning'iniza jikoni, juu ya mafiga, kwenye moshi. Yanakuwa meusi kama mkaa kwa nje. Mdudu hayagusi. Hakuna anayeyala hata njaa iingie, na mwanamke anayeyashusha kabla ya mvua anaulizwa kama ana akili timamu. Mama mkwe wangu alikuwa na uwele wa ndevu. Suke lake limeota nywele ngumu kila upande, ukilipapasa linakuchoma. Kwelea kwelea wakitua juu yake, zile ndevu zinawaingia machoni, wanaruka. Wengi pale Issuna walikuwa nao, waliupata kwa mama zao, na mama zao kwa wengine huko nyuma. Huo ndio uliokuwa unatulisha miaka ambayo ndege wanakula vijiji vyote.

Bwana Shamba aliudharau. "Mbegu ya moshi," alikuwa anaiita. Alisema ukitaka kuuza nje lazima shamba lote liwe alizeti, uwele mtanunua, si mtakuwa na fedha? Kisha akatangaza siku ya wakulima. Wageni watakuja: mheshimiwa mbunge, watu wa wizara, na wazungu wawili wa kununua. Kila mama atakayekuja na mbegu yake ya moshi atapewa pakiti ya alizeti ya kisasa. Na kwa kuwa wageni wameomba kula chakula cha asili, na ilikuwa mwezi wa kumi, maghala matupu, kilichobaki kwenye nyumba zote ni hiyo mbegu, basi hiyo hiyo mbegu ipikwe ugali.

Ndivyo alivyosema. Ipikwe. Na hakuna mwanamke hata mmoja aliyesimama.

Mama mkwe alikataa. "Hicho nilicho nacho juu si chakula," aliniambia. "Usiniguse." Siku ile alikwenda kanisani, mguu ulikuwa unamuuma, alitembea polepole. Alipopotea kwenye kona nikapanda kwenye kinu nikakata kamba. Masuke kumi na nane. Nilifumba macho kwa ajili ya masizi. Nikapura, nikapepeta, nikapeleka mashineni pamoja na ya wenzangu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeusonga ule ugali, kwa sababu nilikuwa nasifiwa mkono wangu.

Wale wageni walikula. Mbunge alikula kwa mikono miwili mpaka jasho. Mmoja wa wizara akasema una harufu nzuri ya moshi, akauliza siri ni nini. Mzungu alipiga picha sahani. Yesaya alipita akiwaongezea. Hamisi wa Mizani alifungasha mwingine kwenye mfuko wa kwenda nao. Wote hao nawataja. Ukiniuliza nani alimaliza uwele wa ndevu pale kijijini nitakuhesabia midomo.

Bwana Shamba peke yake hakula. Alisema tumbo linamsokota. Nikamhurumia, nikamchemshia maji ya tangawizi!

Mama mkwe aliporudi alikaa jikoni, akatazama juu kwenye ile kamba iliyokatwa, akanitazama mimi.

"Umenipika mimi," alisema.

Hakula kwenye sufuria yangu mpaka alipokufa, na aliishi miezi minane. Alikuwa anajipikia uji wake kwenye kikopo cha maziwa, pembeni ya moto huo huo, tumepeana migongo.

Msimu wa tatu lori la Hamisi halikuja. Tuliweka magunia barabarani kama tulivyozoea. Wiki ya kwanza tulikaa juu yake tukipiga soga. Wiki ya tatu panya walikuwa wametoboa. Hamisi alipokuja alikuja na pikipiki, akasimama mbali kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Viwanda havinunui. Mafuta ya nje yamejaa madukani, ushuru wake umeondolewa kwa mujibu wa mkataba, hakuna mtu anayetaka kukamua alizeti na kuiuza kwa hasara. Alitaja bei aliyoweza kutoa. Mume wangu aliangua kicheko kwanza, alidhani ni utani.

Jioni hiyo kabla jua halijazama dada yangu alinipigia simu kutoka Dodoma, ambako anakaanga maandazi.

"Mdogo wangu, mmesikia? Mafuta yameshuka! Mungu mkubwa, mwezi huu nimepumua."

"Nimesikia."

"Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi, dada."

Na kweli sikuweza kumchukia. Ana watoto wanne na jiko moja la mkaa. Kilichomwinua yeye ndicho kilichonikalia mimi, na wala hatukuwahi kukosana.

Tulimfuata Bwana Shamba ofisini, watu kama thelathini. Alitoka na moja ya zile kalamu tatu mfukoni. Nilikuwa mbele.

"Ulisema ushuru unashuka," nilimwambia.

"Umeshuka."

"Wa kwetu!"

"Mama Neema, mkataba ni mlango. Kitaalamu, mlango ukifunguliwa watu wanatoka na watu wanaingia. Huwezi kumwambia mwenzako mimi nitaingia kwako, wewe usiingie kwangu."

"Mbona ubaoni hukuchora wanaoingia?"

Alifungua mdomo, lile jino likaonekana. Halafu akasema, "Semina iliishia kwenye kutoka."

Ilimbidi mume wangu anishike. Semina iliishia kwenye kutoka! Watu wazima wamekula posho siku tano, wamelala hotelini, wakala nusu ya kwanza ya somo, nusu ya pili ikawa chakula cha mchana. Na huko juu zaidi, wale waliosaini, na wale waliopiga meza kushangilia, na mbunge wetu aliyekula mbegu yangu kwa mikono miwili, hakuna aliyelima alizeti hata ya kulisha kasuku. Anayesaini halimi, na anayelima hata hajui kalamu ilishikwa siku gani. Wangeniuliza mimi, mwanamke wa darasa la tano, ningewaambia kitu kimoja tu: fungueni, lakini polepole, na tuambieni mapema tusishushe mbegu zetu. Basi. Hilo halihitaji semina.

Tuliorudi kwenye uwele tulinunua mbegu ya dukani. Ikaota vizuri, fupi, ya kupendeza, kichwa kinang'aa kama kimenyolewa. Kwelea walikuja siku ileile punje zilipoanza kuwa na maziwa. Nilipiga debe kuanzia alfajiri, sauti ikakauka, mikono ikavimba. Siku tatu. Walipoondoka nilibaki na mabua. Baada ya hapo mume wangu akauza baiskeli na kengele zake mbili, akaenda machimboni kutafuta dhahabu, shimo likamfunika yeye na wenzake watano. Wawili walitolewa. Yeye walituletea kiatu na redio. Mimi nilibaki, nikahamia Ikungi. Watu wanasema nimeokoka kwa neema ya Mungu. Mimi najua niliokoka kwa kuosha vyombo vya watu na kuuza mashudu ya kulisha nguruwe kwenye gulio la Ikungi, na bado nauza.

Na hapo gulioni ndipo nilipomsikia tena, baada ya miaka mingi. Alikuwa amestaafu, amejenga nje kidogo ya Ikungi, mke wake amefariki. Mwanamke mmoja muuza vitunguu alikuwa anasimulia jinsi ndege walivyowamaliza mwaka huu.

"Wamekula wote, isipokuwa lile shamba la Bwana Shamba mstaafu. Wanatua, wanaruka. Wanatua, wanaruka. Uwele wake una manywele kama mbuzi dume."

Nilimwachia mashudu yangu. Nilikwenda moja kwa moja, hata kanga sikuifunga vizuri.

Nilimkuta uani amekaa kwenye kiti cha plastiki, kilekile au ndugu yake. Macho yameingia ukungu. Lile jino limekwishatoka.

"Nani huyo?"

Sikusema shikamoo. Alisubiri. Nilimwona anasubiri, mdomo umeshajiandaa kwa marahaba.

"Mama Neema wa Issuna," nilisema.

"Aah. Mtoto hajambo?"

"Ni mkubwa sasa. Una uwele wa ndevu."

Hakuniuliza nimejuaje. Alisugua magoti yake. Nyuma yake mlango wa jiko ulikuwa wazi, mara ya kwanza nauona wazi, na moshi unatoka, ingawa hakukuwa na mtu anayepika. Nikaelewa kabla hajasema. Yale maringo. Vile viti vya nje. Miaka yote ile yule mama alikuwa anavuta mlango nyuma yake, na sisi tukimsema kisimani kwa ajili ya sufuria.

"Ulituambia tushushe," nilisema. "Kumbe kwako ilikuwa juu."

"Nilitaka kuishusha. Nakuapia. Ripoti ilitaka kaya zote zishushe, na mimi ningekuwa wa kwanza. Mke wangu akaniambia, ukigusa hiyo kamba, jiko utabaki nalo wewe. Sikujua la kufanya. Nikaandika kwamba imeshuka."

"Na siku ya wageni hukula."

"Nilijua kilichomo sahanini."

Alisema hivyo bila hata kitaalamu mbele yake. Nilitamani kumtemea mate. Mtu anajua kilichomo sahanini, anawatazama wanawake arobaini wakileta mbegu, kisha anashika tumbo! Kumbe mwenye akili katika nyumba ile alikuwa jikoni, na mwenye mshahara alikuwa barabarani akihubiri.

"Naomba masuke," nilisema. "Manne tu. Badala ya yale uliyonifanya nishushe."

Akaanza kuhema. "Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Walikuja watu wa kampuni ya mbegu. Ya nje. Wameusikia. Wana kibali, kuna mkataba wa kubadilishana mbegu kati ya nchi na nchi. Wanauchunguza, wakimaliza utasajiliwa, utarudi umeboreshwa, mtaupata madukani. Nimesaini kwamba mpaka hapo sitampa mtu yeyote mwingine. Wiki ijayo wanakuja kuchukua wote."

"Tutaupata dukani," nilirudia.

"Kwa pakiti. Kitaalamu, utakuwa bora zaidi."

Ndipo nilipoona kwamba mtu huyu hakujifunza kitu. Mke wake ameweka moto miaka yote ile, amekufa, na yeye bado anachochea kila siku, macho yameharibika kwa moshi, halafu amekwenda kuweka saini kwenye karatasi ya kwanza iliyopita mlangoni. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kuhusu mama mkwe na kikopo chake cha maziwa, na redio iliyorudi bila mwenyewe. Nilisema polepole, maana kelele zilikwisha kwenye debe. Chozi lilikuwa linamtoka, lakini macho yake yanatoa machozi siku nzima, kwa hiyo sikumhesabia.

Mwishoni akajiinua kwa kushika ukuta.

"Nimesaini kwamba sitampa mtu," alisema. "Kwamba mwanamke asiingie jikoni kwangu, hilo halikuandikwa. Mke wangu ndiye aliyekataza, na yeye hayupo. Mimi nakwenda kutazama kama mbuzi wamefungwa."

Hana mbuzi.

Akaondoka akipapasa ukuta, mgongo amenipa. Nikaingia. Jiko la yule mama lilikuwa dogo, safi, sufuria tatu za kawaida kama zangu. Juu yalining'inia masuke meusi, mafungu kwa mafungu. Nilipanda kwenye kinu kama nilivyopanda siku ile nyingine, na safari hii sikufumba macho. Nilikata masuke kumi na nane. Ndevu zikanichoma kifua chini ya kanga njia nzima.

Nilipotoka alikuwa amesimama getini, uso ameuelekeza barabarani.

"Umepata maji ya kunywa, mama Neema?"

"Nimepata."

"Basi kitaalamu sijaona kitu."

Angetaka nimshukuru. Sikumshukuru. Hata wema wake ulilazimika kupitia kwenye mwanya wa karatasi, hakuwa na ubavu wa kuutoa mkononi. Sikumwamkia nilipoingia na sikumuaga nilipotoka, na nilipofika mbali nikageuka, bado alikuwa ameshika geti anasubiri.

Wale wa kampuni walikuja wakachukua uwele wote, nimesikia. Siwajui, wala hawanijui.

Mvua iliyofuata nilipanda nusu eka. Kwelea walikuja kama kawaida yao, wingu zima, na mimi nimesimama na debe mkononi. Walitua. Wakaruka. Wakatua tena mbele kidogo, wakaruka. Debe sikulipiga hata mara moja. Nilikaa chini kwenye tuta nikalia kwa sauti, kwa ajili ya mama mkwe na kamba yake.

Tangu hapo wanawake wanakuja, wengine kutoka kulekule Issuna, hata mke wa Yesaya. Wanaingia jikoni, wanavuta kigoda, wanatazama juu. Kila mmoja nampa masuke mawili. Huo ndio mkataba wangu mimi, hauna karatasi, una sharti moja tu na kila mwanamke analitamka mbele ya moto kabla sijakata kamba: mgeni akija, hata aje na gari la namna gani, apikiwe wali.